Mjukuu Wangu Anasoma Ilaam, na Sasa Ananihoji Mimi

Msimu wa kuchagua vyuo umefika tena. Kila nyumba ya hapa Muscat yenye mtoto wa darasa la kumi na mbili, mazungumzo ya baada ya chakula ni hayo hayo: utaandika nini namba moja? Kwetu mazungumzo hayo yalikuwa miaka minne iliyopita, na usiku ule yaliisha kwa baba mtu kuinuka na kwenda kulala bila ya kunywa kahawa yake.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita wazazi watatu wa mtaani kwetu Al Khoud, wote watu wetu wa Kiswahili, wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti: "Mwalimu, huyu mtoto anataka kusoma ilaam. Tumwache?" Sikuwajibu pale pale. Jawabu yake ni ndefu, na sehemu yake inanihusu mimi mwenyewe kwa namna ambayo sikuitazamia.

Mimi nimezaliwa Unguja mjini mwaka 1957, mwaka ule ule BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili. Mwaka 1964 nilikuwa na miaka sita. Tukahamia Mombasa, na huko nikasoma sekondari kwa masista, mtoto wa Kiarabu na mtandio wangu, nimekaa chini ya msalaba nasoma Shakespeare. Nikaingia chuo cha ualimu, nikaolewa, na mwaka 1986 nikamfuata mume wangu Muscat. Ndio mwaka Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofungua milango yake. Mimi chuo kikuu sikukisoma. Nilifundisha Kiingereza katika shule za wasichana mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu wengi walikwenda pale Al Khoud, lakini mwenyewe nilikuwa napita nje tu kwa gari.

Sasa huyo mjukuu. Alipata asilimia tisini na moja. Baba yake, mwanangu, ni mhandisi wa mafuta, na kwake yeye digrii ni tatu: uhandisi, udaktari, na zile nyengine. Alisema, "Asilimia tisini na moja, mama, halafu akajifunze kusoma taarifa ya habari? Kusoma anajua tangu darasa la kwanza." Mama yake hofu yake ilikuwa nyengine. Hakutaka uso wa mwanawe ukae kwenye simu za watu. Mtoto mwenyewe kanyamaza, ananitazama mimi.

Nikasema, "Mwacheni."

Watu walidhani ni mapenzi ya bibi. Ilikuwa ni deni. Mwaka 1998 nilikuwa na mwanafunzi ambaye asubuhi kwenye mstari akisoma habari za shule, wasichana mia nne wanatulia. Alinijia akaniambia anataka kuwa mtangazaji. Nikamwambia kwa maneno haya haya: "Alama zako nzuri, usizipoteze." Akasoma uhasibu. Nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye foleni ya benki. Amenenepa kidogo, ana watoto, ananiheshimu kama zamani. Aliniambia kwa kucheka kwamba mpaka leo anaisoma barua ya mkuu wake wa kazi kwa sauti ya redio akiwa peke yake ofisini. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Basi wazazi wenzangu, kwanza tujue mtoto anaomba nini. Ilaam, au mawasiliano ya umma kama wanavyosema kule kwetu vyuoni, si darasa la kusimama mbele ya kamera. Kabla ya yote kuna mwaka wa msingi: Kiingereza, hesabu, kompyuta. Halafu yanakuja masomo yenyewe: kuandika habari, kuhariri, kupiga picha, sauti na video, sheria na maadili ya habari, uhusiano wa umma, nadharia, na jambo ambalo linawashangaza wengi, takwimu na mbinu za utafiti. Mjukuu wangu alikimbia hesabu ya uhandisi, akaikuta hesabu inamngoja mlangoni. Mwisho kuna mafunzo ya kazini na mradi wa kuhitimu.

Pale Sultan Qaboos fani hii iko ndani ya Chuo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, na sehemu kubwa ya masomo ni kwa Kiarabu. Kuna pia Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha vyuo vya serikali vilivyokuwa mbalimbali. Matawi ya Nizwa na Salalah yalikuwa yakifundisha mawasiliano tangu yalipokuwa vyuo vya sayansi tumizi, na huko wamefundisha kwa Kiingereza. Vyuo vya binafsi navyo vipo. Mtoto anapojaza yale machaguo yake ya Qabul Muwahhad, anaziona namba za programu tu, na namba haisemi lugha. Mzazi auulize mapema: atafundishwa kwa lugha gani?

Nalisema hili kwa sababu hapo ndipo mjukuu wangu alipoanguka.

Watoto wetu tunajisifu kuwa wana lugha tatu. Ni kweli wanazo, lakini zimegawanywa kama vyumba vya nyumba. Kiswahili cha jikoni na bibi, Kiarabu cha mtaani na shuleni, Kiingereza cha simu. Mwandishi wa habari anahitaji lugha moja ambayo anaweza kuingia nayo vyumba vyote. Habari yake ya kwanza aliyoiandika kwa Kiarabu ilirudi nyekundu karatasi nzima. Nahau, hamza, sentensi iliyojengwa kwa Kiswahili na kuvishwa maneno ya Kiarabu. Alikuja chumbani kwangu akalia. Akasema, "Bibi, mimi si Mwarabu kwa Kiarabu wala si Mswahili kwa Kiswahili."

Kwa muda sikuwa na la kusema. Ni maneno ambayo wengi wetu tumeishi nayo na hatukuwahi kuyatamka. Nilimwambia tu kwamba mimi masista walinirudishia insha yangu ya Kiingereza nyekundu namna ile ile, na sikufa. Kisha nikafanya la maana: nikamtafutia mwalimu wa nahau. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima kutoka Bahla, mwalimu mstaafu kama mimi, alikubali kumsomesha mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Malipo hakutaka, alitaka mkate wa kumimina, na nikimpelekea. Mwaka wa pili karatasi zikaanza kurudi na wino mchache.

Nadharia ndizo zilizonifurahisha mimi. Alikuwa akinisomea usiku, ananitafsiria, nami nasikiliza kama hadithi. Kuna Mmarekani, Harold Lasswell, mwaka 1948 aliyasema mawasiliano yote kwa swali moja lenye vipande vitano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na matokeo yake ni nini. Nikamwambia mjukuu, shikilia hilo, mengine ni maua. Kuna na Paul Lazarsfeld na wenzake, waliochunguza uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1940 katika jimbo la Ohio. Walitazamia kukuta redio na magazeti yanawageuza watu moja kwa moja. Wakakuta kwamba habari inapita kwanza kwa mtu mmoja mwenye kusikilizwa, na yeye ndiye anayewapa wengine, pamoja na maoni yake.

Hapo nikacheka mpaka mtoto akashangaa. Nikamwambia, hiyo ni baraza ya kahawa ya Malindi! Marehemu baba alikuwa akitoka na gazeti chini ya kwapa. Mmoja anasoma, kumi wanasikiliza, buli linapita, na ikifika alasiri mtaa mzima una maoni, na wengi wao gazeti lenyewe hawakulishika. Mjukuu akaandika hayo kwenye zoezi lake. Mwalimu wake akamwandikia pembeni: endelea na hili.

Siku hizi baraza ni kundi la WhatsApp la ukoo, na yule mwenye kusikilizwa ni shangazi mwenye simu mpya. Aprili 2024, mafuriko yaliyowachukua watoto wa shule kule Samad al-Shan, sote tulikuwa tunatetemeka. Kwenye kundi letu ikaletwa picha ya gari limening'inia ukingo wa wadi, na maneno kuwa ndani yake mna watu, na kuwa wadi ile iko karibu na kwa ndugu zetu. Watu wakaanza kulia kwa sauti za kurekodi. Mjukuu wangu, wakati ule bado mchanga chuoni, aliitafuta ile picha kwa njia walizofundishwa, akaikuta ni ya miaka ya nyuma, ya mvua nyengine kabisa. Akaandika kwa adabu: "Shikamooni. Picha hii si ya leo," akaweka na ushahidi. Shangazi mtu alikasirika, akasema amefedheheshwa na mtoto mdogo mbele ya ukoo. Kundi likagawanyika kwa siku tatu. Lakini usiku ule ndugu zangu wawili, ambao walikuwa washawasha gari kwenda kuwatafuta jamaa katika mvua ile, walilizima. Baba yake alikuwa mmoja wao. Hakusema kitu. Asubuhi yake alimpeleka chuoni yeye mwenyewe.

Kuna na jambo ambalo sisi tunalisahau tunaposema ilaam si kazi ya watu wa nyumba zetu. Tangu lini? Sayyid Barghash alileta mtambo wa kupiga chapa Unguja katika karne ya 19, na vitabu vya dini vya mashekhe wa Oman vikachapwa pale. Abu Muslim al-Bahlani, mshairi ambaye watoto wetu wanamsoma mashuleni hapa, mwaka 1911 alitoa gazeti la al-Najah, na hakulitoa Muscat, alilitoa Unguja. Al-Falaq likaja mwaka 1929. Halafu Mwongozi. Mwaka 1954 makala za al-Falaq ziliwaudhi Waingereza mpaka wakaifikisha kamati ya Jumuiya ya Waarabu mahakamani kwa mashtaka ya uchochezi. Hao walikuwa babu zetu, na kalamu zao. Kwa Oman yenyewe, redio ilianza Julai 1970 na televisheni Novemba 1974, wakati ambapo Unguja imekuwa na Sauti ya Unguja tangu 1951. Wengi waliorudi huku miaka ile ya 70 walikuwa tayari wamezoea gazeti na redio kama walivyozoea mkate wa asubuhi.

Sasa ajira, maana najua ndiyo mnayoingojea. Sitawadanganya. Vituo vya televisheni ni vichache na viti vyake vimekaliwa. Anayesoma ilaam kwa kutaka kuonekana, mwambieni simu yake inamtosha, haina haja ya digrii. Wahitimu wengi ninaowaona mimi wanaingia idara za mawasiliano za wizara, mabenki na makampuni: wanaandika taarifa, wanaendesha kurasa za mitandao, wanapiga picha za hafla, wanajibu malalamiko ya wateja. Ni kazi ya heshima, lakini si ile aliyoiota mtoto wa miaka kumi na minane. Wengine wanakaa nyumbani mwaka, miaka miwili, wakingoja, kama wanavyokaa hata wahandisi siku hizi. Mwanangu huo mfano wa wahandisi haupendi.

Sheria nayo si ile ya zamani. Sheria ya Magazeti na Machapisho ya mwaka 1984 imeondoka, na mahali pake ipo Sheria ya Habari iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 58 ya mwaka 2024. Mtoto anayeingia kazi hii lazima aijue, maana simu iliyo mkononi mwake inaweza kumfikisha pabaya kabla hajapata mshahara wa kwanza. Kule Tanzania vilevile, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeifanya kazi hii kuwa na masharti ya ithibati na elimu.

Kwa wale ambao watoto wao hawakupata nafasi hapa, au wana jamaa kule na gharama zinawashinda, vyuo vya kwetu si vya kudharau. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina fani hii. Dar es Salaam kuna skuli yake ndani ya chuo kikuu. Chuo cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, kilichozaliwa na kituo cha mafunzo cha Nyegezi, kimewatoa waandishi wengi ambao majina yao mnayasikia redioni. Na Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha uandishi wa habari tangu 1970. Nami nimesoma kwa masista nikatoka na dini yangu nzima, kwa hiyo jina la mtakatifu kwenye lango lisimtishe mtu. Mtoto wa huko akirudi na Kiswahili kilichonyooka, BBC wanakihitaji, Deutsche Welle wanakihitaji, na TRT ya Uturuki imefungua idhaa ya Kiswahili. Ninawajua vijana hapa Muscat wenye Kiarabu kizuri na Kiingereza kizuri. Wenye kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili bila ya kosa, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kinabaki.

Kwa hiyo jawabu yangu kwa wale wazazi watatu ni ndiyo, mwacheni, lakini muulizeni kwanza anapenda kuonekana au anapenda kujua. Na nyinyi wenyewe mjiulize kama mko tayari. Maana sikuwa na habari kwamba mtoto akifundishwa kuuliza miaka minne, ataanza na nyumbani.

Muhula ujao mjukuu wangu anaanza mradi wake wa kuhitimu. Alikuja nao Ramadhani, baada ya tarawehe. Mada yake ni wasomaji wa magazeti ya Unguja kabla ya 1964: nani alikuwa akisoma, nani akiandika barua kwa mhariri, habari zilikuwa zikipitaje barazani. Lile zoezi la baraza ya Malindi limekua. Amesema atakwenda kwenye Mamlaka ya Nyaraka hapa Muscat, na akijaaliwa atafika mpaka Nyaraka za Kilimani, Unguja. Lakini shahidi wake wa kwanza, alisema, ni mimi. Kwa sababu baba yangu alikuwa akiandika barua kwenye Mwongozi, hilo alilisikia kwa wajomba, na katika nyumba nzima hakuna hata kipande kimoja cha karatasi yake.

"Bibi, zimekwenda wapi?"

Nikamwambia mambo ya zamani hayo, kula tambi.

Akaniwekea karatasi mezani. Ni fomu ya ridhaa, wanafundishwa katika maadili ya utafiti. Inasema anayehojiwa ameelezwa kazi ni ya nini, anaweza kukataa kujibu swali lolote, anaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote, na jina lake halitatajwa akitaka. Imeandikwa kwa Kiarabu, na chini yake ameitafsiri kwa Kiswahili, kwa mkono, kwa ajili yangu. Nilitafuta kosa kama mwalimu. Lilikuwa moja tu, nikalisahihisha, nikaiacha fomu mezani bila ya kuitia saini.

Ilikaa pale wiki mbili. Mwanangu alikuwa akipita akiitazama. Siku moja akaniambia, "Si wewe uliyesema mwacheni?" Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilicheka jambo hilo.

Mimi najua karatasi zimekwenda wapi. Nilikuwa na miaka sita, nimesimama nyuma ya mlango wa uani, usiku. Baba amechutama mbele ya seredani, anazitia moja moja, si kwa pupa, anaisoma kila moja kwanza. Mama anapepea ili zisitoe moshi wa kuonekana nje. Hakuna aliyeniambia nisiseme. Nilijua tu. Na baba, aliyeishi Mombasa miaka ishirini na mbili baada ya usiku ule, sikumwona tena akiandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, sikumsimulia.

Nimetia saini Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Tulikaa sebuleni, simu yake kaiweka juu ya mto baina yetu, na maswali yake ameyaandika kwenye daftari, kumi na mawili. Anauliza vizuri. Hakatizi, hakusaidii neno, anangoja. Nilimjibu ya baraza, ya buli, ya nani alisoma kwa sauti nzuri, ya bei ya gazeti ambayo siikumbuki. Nilijibu saba. La nane lilikuwa lile. Nikasema naona wali unaungua, nikainuka.

Wali ulikuwa hauungui, na yeye alijua. Hakunifuata jikoni. Nilimsikia anazima simu, anafunga daftari, kisha akaja akasimama mlangoni, akaniambia, "Fomu inasema unaweza kusimamisha, Bibi. Ijumaa ijayo, ukipenda."

Nimemwambia aje baada ya alasiri, wakati baba yake yuko nyumbani. Na yeye akae asikie.